Sauti ya Baba Mkwe Chini ya Kitanda

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemaliza! Nyumba yetu hapa mtaani Migosi sasa ndiyo ya kisasa kuliko zote kwenye ploti. Kisanduku cheusi chenye diski kimekaa chini ya kitanda, kimebeba kila video ya familia. Kinazirusha kwa waifai hadi kwenye mashine yangu ya gemu sebuleni, nayo inazionyesha kwenye TV. Hakuna flashi za kupotea. Flashi zote nimezifuta, nikawagawia majirani.

Apiyo, mke wangu, ameuliza kama nimeacha nakala popote. Nimemwambia nakala ni za watu wasiojiamini.

Jioni simu kutoka Usenge, kijijini kwa wakwe. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Tangu amzike mzee wake mwaka jana hajasikia sauti yake, na mzee alizungumza mbele ya kamera siku moja tu, ile tuliyopeleka mahari. Video hiyo ninaitunza mimi. Heshima kubwa.

Jumanne, 5 Agosti

Mashine ya gemu imeikataa video ya mahari. Inadai haiitambui. Filamu za ngumi inazitambua zote.

Shitanda amepiga simu kuuliza kama mambo ni shwari. Kwa nini aulize? Huyu ni mwanyumba wangu: amemwoa Debra, dada ya Apiyo, na anafundisha kule Maseno. Tangu aoe anashindana nami kwa upole, ushindani mbaya kuliko wote. Amependekeza niweke video kwenye flashi na kuichomeka kwenye TV, basi. Nimecheka kwa sauti ili asikie. Mtu amesoma vile, bado anachomeka.

Alhamisi, 7 Agosti

Kompyuta imeibadilisha video hadi mashine ikaikubali. Ile ya mwanzo nimeifuta, nisije nikachanganyikiwa.

Nimejaribu. Mzee akasimama, akakohoa, akafungua mdomo, picha ikaganda. Kumbe waifai inashindwa na ukuta. Nimeihamishia rauta juu ya friji. Sasa Apiyo akifungua friji, mzee anaganda. Nimemkataza kufungua friji hadi Jumamosi. Amenitazama tu, na mimi namjua Apiyo. Jicho lile lina kazi.

Ijumaa, 8 Agosti

Kisanduku kimeanza kulia. Tik. Tik. Halafu kina joto la chapati.

Ningeinakili video leo leo. Lakini kompyuta imejaa, itabidi niazime flashi, na Shitanda atajua. Nimekifunika kisanduku kwa blanketi zito ili Apiyo asisikie. Amesikia. Nimemwambia ni panya.

Ameweka mtego chini ya kitanda. Sikuambiwa. Naandika kwa mkono wa kushoto. Kesho ni kesho.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike upesi kabla sijapoteza ujasiri.

Kwetu mama mkwe halali kwa mkwe wake, hata mvua inyeshe mawe. Lazima aondoke mapema. Kwa hiyo hakukuwa na kusema tutajaribu tena kesho. Alikuja na Debra na Shitanda, ameleta dagaa wa omena, akaketi karibu na mlango. Mimi nikakaa kona ya mbali, macho chini, kama inavyotakiwa. Nikabonyeza.

Nilikuwa nimeiambia mashine icheze video zote mfululizo. Ikaanza na ya juu kabisa. Mimi. Kifua wazi, kaptula ya kulalia, napunguza kitambi kwa muziki.

Mbele ya mama mkwe! Mtu ambaye hata kutafuna mbele yake naona haya. Akajifunika uso kwa leso. Nikabonyeza kila kitufe, na kila kitufe kikaniongezea sauti. Apiyo akakimbia chumbani, akang'oa waya wa kisanduku ukutani.

Tulipokiwasha tena kililia tik moja ndefu, kikanyamaza. Nikakipuliza. Nikakipiga kofi. Nikakiombea. Kimekufa.

Mama mkwe hakulia. Aliuliza tu, polepole: "Kwani mzee ndiyo basi?"

Nje jua lilikuwa linaelekea ziwani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na ya kitambi ilikuwa ndogo kando yake.

Ndipo Shitanda akatoa funguo zake mfukoni. Kwenye pete ya funguo, flashi. Apiyo alikuwa amempa nakala siku nyingi, kabla sijafuta. Usaliti ndani ya nyumba yangu! Akachomeka kwenye TV. Ikacheza papo hapo.

Mzee akakohoa. Mama mkwe akaziba mdomo kwa mkono. Siku ile mzee alizungumza Kiswahili ili Shitanda, asiyejua lugha yetu, naye aelewe, na nilikuwa nimeyasahau maneno yenyewe: "Walter nimempatia msichana yangu na roho safi. Lakini kitu ya waya, tafadhali, msimpatie."

Walicheka kwenye video, wakacheka na sebuleni. Mama mkwe alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaomba irudishwe. Ikarudishwa, na tena, na tena, hadi Debra akamkumbusha safari. Mlangoni alimshukuru Shitanda. Mimi alinipungia mkono bila kuniangalia, nami sikumlaumu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Kosa ni la Apiyo. Waya haung'olewi vile.

Nimenunua kisanduku kingine kwa fundi mmoja wa soko la Kibuye, kimetumika kidogo tu. Shitanda alisita kuniazima flashi, nikamwapia kwa jina la marehemu. Nimehamishia video kwenye kisanduku, halafu flashi nikaifuta vizuri na kumjazia filamu za ngumi, kama shukrani. Atafurahi.

Mama mkwe amepiga simu. Krismasi atakuja tena kumsikiliza mzee. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mzee sasa yuko mahali pamoja tu, kwangu, salama kabisa.

Kisanduku kinafanya kazi vizuri. Kinatoa mlio kidogo. Nimeenda kabatini kuchukua blanketi.