Swichi ya Jiko la Jirani

Jumatatu, tarehe 4

Nimechoka na wiki ndiyo kwanza imeanza. Plagi ya jiko la umeme imeyeyukia ndani ya soketi. Kumbe jiko kubwa vile halichomekwi kwenye soketi ya pasi! Mke wangu anasema aliniambia. Mara tatu. Sasa ameapa hapiki mpaka jiko lipate swichi yake, ya kulizimia ukutani mambo yakiharibika. Na Jumamosi mama yake anakuja! Akikuta jiko baridi, nimekwisha.

Mke wangu akasema tumwite kaka yake, fundi umeme. Katu! Shemeji huyu ndiye aliyekuja kurekebisha kengele ya mlango niliyoifunga mimi, akacheka mpaka akakaa chini. Mbele ya watoto. Nitachagua swichi mwenyewe.

Chakula cha jioni: mkate mkavu.

Jumanne, tarehe 5

Duka la vifaa. Muuzaji akauliza jiko langu linakula ampea ngapi. Nikamjibu za kutosha. Akatoa dude la ampea arobaini na tano, lina taa nyekundu, akasema linakata waya zote mbili kwa pamoja. Baya hilo! Pembeni nikaona kiswichi cha ampea ishirini, cheupe, chembamba, kinaoana na vigae vyetu. Akasema hicho ni cha hita ya maji. Nikasema nitafikiri.

Nikafikiri. Nikampigia shemeji kijanja: eti jirani yangu ana jiko, anauliza swichi ipi inafaa na ikae wapi. Akaeleza vizuri tu. Ile kubwa, na ikae pembeni, mkono uifikie bila kupita juu ya moto. Halafu akasema: “Huyo jirani asiguse waya wowote, na amsalimie dada yangu.” Hiyo ya mwisho sikuielewa.

Mkate tena.

Jumatano, tarehe 6

Nimenunua kile cheupe. Mafundi bwana, kila kitu kwao hatari. Nilizima swichi kuu kwanza, mimi si mjinga. Saa nne nzima juu ya ngazi, mgongo umekwisha. Nimekifunga juu ya jiko, katikati kabisa, mama mkwe akiingia tu akione.

Jiko limewaka! Tumekula wali wa moto. Mke wangu akagusa swichi akasema ina joto. Nikamwambia ni mpya, bado inazoea.

Alhamisi, tarehe 7

Balaa! Shemeji amepiga. Mama yao atamleta yeye mwenyewe, na akifika angependa kulitazama jiko la jirani.

Nimezunguka nyumba mpaka miguu ikauma, ndipo akili ikaja. Fundi wa kweli hafungui swichi kabla ya kuzima swichi kuu. Na swichi kuu iko kwenye kabati la mita. Nimelitia kufuli! Ufunguo nimeuning'iniza kwenye msumari juu ya jiko, nisije nikausahau.

Ijumaa, tarehe 8

Wageni wamefika leo, siku moja kabla! Mke wangu alikuwa anakaanga viazi, akakimbilia mlangoni kuwapokea. Mafuta yakashika moto.

Nikarukia swichi. Iko nyuma ya moto. Nikarukia swichi kuu. Kufuli. Ufunguo? Msumarini, juu ya moto! Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Nikachota maji kwa kopo. Mama mkwe akanipiga mkono, kopo likaruka, akasema maji kwenye mafuta yanayowaka yatatuunguza wote. Akachukua mfuniko wa sufuria kubwa, akafunika kikaango, akasimama pale pale. Shemeji akavunja kufuli kwa nyundo, akazima umeme.

Mke wangu alikaa sakafuni akalia. Baadaye akaniuliza, taratibu tu, kama ningekubali aungue yeye ili kaka yake asinicheke. Niliona aibu, ile ya kweli, mpaka machozi yakanilenga.

Jumamosi, tarehe 9

Shemeji amefunga lile dude. Pembeni, karibu na mlango, hata mtoto mkubwa analifikia bila kusogelea jiko. Taa nyekundu inawaka. Hakucheka hata kidogo, na hilo limeniuma kuliko kicheko. Mama mkwe amekula akashiba. Mke wangu amenipakulia, ila hajanitazama.

Nimeapa mbele ya wote: sigusi tena waya wa jiko.

Jumapili, tarehe 10

Wageni wameondoka. Mwili wote unauma. Kiswichi cheupe kimebaki dirishani, kizima kabisa, hakijatumika hata siku tatu. Nikakumbuka maneno ya muuzaji: ni cha hita ya maji. Na sisi tuna hita bafuni! Kumbe kununua sikukosea, nilikosea chumba tu. Kitakaa ndani, karibu na bomba la kuogea, mtu akizime akiwa bado na sabuni mwilini. Raha iliyoje!

Kuapa niliapa. Lakini niliapia jiko.

Nikampigia shemeji kwa adabu zote. Nikamweleza nimepata jirani mwingine, huyu ana hita. Simu ikakatika. Mtandao siku hizi! Haidhuru. Bisibisi ninayo, na kufuli jipya nimeshanunua.