Mhuri wa Marehemu Verlin

Jumatatu, 2 Machi 1987

Barua imekuja. Ya bodi ya jimbo, ile ya mainjinia na wapima ardhi. Mimi kusoma sikujaliwa, niliacha shule darasa la tatu mama alipougua. Kanisomea wifi yangu Lurleen, dada wa marehemu mume wangu, na ndiye anayeandika haya ninayosema. Andika vizuri, Lurleen. Usinirembeshe.

Wanasema wamesikia Verlin kafariki, poleni. Nusu mstari wa pole! Kisha ukurasa mzima wa masharti. Kampuni ya kupima ardhi haina ruhusa ya kufanya kazi bila mpima mwenye leseni yake, anayeshinda ofisini na kusimamia kila kitu. Tumpate ndani ya siku thelathini. Tukikosa, jina letu la Stidham litoke mlangoni.

Miaka thelathini na tisa nimeshika ncha ya pili ya mnyororo wa kupimia wa Verlin. Milima yote ya upande huu wa Apalachi naijua kwa miguu yangu. Nyoka wameniuma mara mbili kwa ajili ya mipaka ya watu wengine. Ramani nachora mimi, maana mkono wa Verlin ulikuwa unatetemeka tangu ile ajali ya mgodini, na ajali yenyewe ilikuwa uzembe wa binamu yake, lakini hayo tuyaache. Mimi nachora, Lurleen anatia maandishi, Verlin anakagua na kupiga mhuri. Sasa kumbe bila Verlin mimi si mtu!

Nikamuuliza Lurleen, mtu akipima kabla hajafa, si kapima? Akasema wifi, hilo wazo ulilonalo liache hapo hapo.

Sikuliacha.

Jumatano, 4 Machi

Wazo lenyewe hili. Mwezi wa kwanza tulipima shamba la kina Neace, dada wawili wanagawana kilima cha baba yao na hawasalimiani hata kanisani. Verlin akafa kabla ramani haijachorwa. Basi nitachora mimi, nipige mhuri wake, na tarehe iwe 28 Januari. Siku hiyo Verlin alikuwa mzima kabisa, kala maharagwe sahani mbili na mkate wa mahindi.

Bodi tutawaandikia kwamba tunamalizia viporo vya marehemu tu. Viporo vinaweza kuchukua hata miaka minne. Kazi zote mpya zitakuwa za Januari!

Lurleen akasema maiti hapigi mhuri. Nikamwambia kaka yako alikuwa hodari, usimdharau.

Nimeutoa mhuri kwenye droo. Ule wa chuma, unaobana karatasi mpaka jina linatokeza. Nikajaribu kwenye mfuko wa mkate. Mpini umelika pale kidole gumba chake kilipokaa. Kidole changu hakikuenea. Nikakaa nao kidogo.

Ijumaa, 6 Machi

Nimepanda kwa kina Neace kuhakikisha kona ya kusini. Tope mpaka magotini. Nikapoteza kiatu, nikakipata, kilikuwa cha mtu mwingine.

Kona ile ni mwaloni mweupe, upo kwenye hati tangu enzi za mababu. Nimeukuta chini. Ule upepo wa tarehe 19 Februari, uliotukatia umeme siku tatu na kung'oa paa la kanisa, umeung'oa na mizizi yake. Chuma cha mpaka kipo pale pale kando ya shimo. Nikakaa juu ya gogo nikalia. Si kwa ajili ya Verlin, kwa ajili ya mwaloni. Haya, na Verlin pia.

Nimerudi, nimechora mpaka jioni. Lurleen akataka kunakili hati ya zamani, mwaloni uliosimama. Nikamwambia koma! Sheria ya Verlin ilikuwa moja: andika ulichokikuta chini, si ulichotarajia kukikuta. Mwaka mmoja nilimwambia jiwe la mpaka lina pembe nne, kumbe la mviringo. Akanirudisha mlimani, mwendo wa saa nne, nikaliangalie upya. Mtu wa namna hiyo utamwekea uongo kwenye ramani yake?

Basi imeandikwa: mwaloni mweupe, umeng'oka, umelala kuelekea mashariki. Mhuri, kwaa! Tarehe 28 Januari. Nikajisikia msafi kama nimetoka kubatizwa.

Jumatatu, 9 Machi

Balaa.

Nimepeleka ramani ofisi ya hati, na nani kaegemea kaunta? Garland Combs. Ni mpima, ofisi yake iko ng'ambo ya barabara, na miaka ishirini sasa anazimezea mate daftari zetu za vipimo vya porini. Akaichungulia ramani. Akaanza kuimba puani, na Garland akiimba puani ujue kuna mtu ataumia.

Akasema, Orpha, Verlin alikuwa mpima hodari. Nikasema ndiyo. Akasema hodari haswa, aliuona mti chini wiki tatu kabla upepo haujauangusha.

Karani akacheka mpaka akavua miwani. Nikamwambia Garland kwamba mtu anayepanda kilima kwa kupumzishwa kama nyumbu mzee asinifundishe habari za miti. Nililisema vizuri sana. Lakini ramani ilibaki mikononi mwa karani.

Lurleen kanitangulia njia nzima. Nilitamani anitukane.

Alhamisi, 12 Machi

Mkaguzi wa bodi kaja. Bwana Whitlow, kijana wa miaka hamsini, viatu vimejaa tope. Nikampenda kwa hayo matope. Kala vipande viwili vya keki ya matofaa makavu, kisha akauliza nani kachora na nani kauona mwaloni. Nikasema mimi, na mimi. Lurleen akasema maandishi ni yake. Hakulazimika kusema.

Kumbe keshapanda kule na vyombo vyake. Kasema kipimo kimekaa sawa, hakuna hata upana wa kidole uliopotea. Nikamuuliza, sasa kosa liko wapi?

Akasema mhuri hausemi kwamba mstari ni sahihi. Mhuri unasema nani aitwe mstari ukiwa na makosa. Siku hao dada wawili watakaposhikiana bunduki, lazima awepo mtu aliye hai wa kuulizwa.

Nikasema niulizeni mimi.

Akasema mama, mimi ningekuuliza wewe wa kwanza. Lakini sheria haikujui.

Angenidhihaki ningemjibu. Hakunidhihaki. Kauchukua mhuri, kauzungushia kitambaa kwa adabu. Ramani ifutwe, na asipopatikana mpima ndani ya siku zilizobaki, tufunge. Hatatushtaki, kwa mara hii.

Jioni nimewaza. Verlin alikuwa anaamka usiku anatembea sebuleni kwa sababu ya kona fulani aliyoipima zamani. Mimi nilikuwa nalala fofofo. Nilidhani ni kwa sababu mimi ni jasiri.

Jumamosi, 14 Machi

Garland mlangoni! Nikajua kaja kucheka. Akavua kofia. Akasema aliyepiga simu kwa bodi ni karani, si yeye, na akiwa na ugomvi na mimi hunitukana usoni. Kweli, hunitukana usoni.

Akasema magoti yamekwisha, na kona hazijui kama ninavyozijua mimi. Atafunga ofisi yake, alete leseni yake hapa, asimamie kazi na kuulizwa yeye. Jina la Stidham libaki. Mimi nishike mnyororo, nichore. Kazi ya Neace ataikagua upya kwa macho yake, apige mhuri wake.

Nikampa sharti langu: anawe mikono kabla ya kugusa daftari za Verlin. Akasema Orpha, naona bodi ina huruma kuliko wewe. Akakubali.

Lurleen kaleta kahawa bila kuombwa, na kabadilisha gauni. Andika na hilo, Lurleen. Andika!

Jumatatu, 16 Machi

Barua ya kuijibu bodi tumeituma. Jina liko mlangoni, Garland yuko kitini. Ana miaka sabini na tatu. Nikawa namsikiliza anavyokohoa.

Yale maneno ya mkaguzi nimeyazingatia kweli kweli. Lazima awepo aliye hai. Sawa. Nikamwambia Garland basi tusirudie kosa: saini na upige mhuri kwenye karatasi tupu ishirini, leo, ukiwa hai, tuweke kabatini. Mimi nitachora polepole. Hapo hakuna maiti, na tarehe zote za kweli.

Garland akaweka kikombe chini. Akamuuliza Lurleen kama nimekuwa hivi siku zote. Lurleen akasema tangu harusi.

Amekataa. Mhuri wake kautia mfukoni, kaenda nao mpaka chooni.

Ishirini zilikuwa nyingi, nakubali. Kesho nitamwomba kumi.