Kifaa Kilichopiga Chafya

Siku gari-nyumba lilipoegeshwa mbele ya jengo la maduka ya simu, lilichukua nafasi tatu na kung'oa kibao cha daktari wa meno kilichoning'inia juu ya njia ya waendao kwa miguu. Watu walitoka madukani kulitazama. Lilikuwa jeupe, refu kama basi, lina mapazia madirishani na ngazi ndogo mlangoni, na ndani, kwa maneno ya waliochungulia, mlikuwa na kitanda, jiko la gesi na sinki.

Chini ya ngazi za jengo hilo, kwenye meza yake ya chaja na makava ya simu, Asali hakulitazama gari. Alimtazama mwenye gari.

Huyu Asali aliitwa hivyo kwa sababu ya ulimi wake. Mama yake alimpa jina jingine, lakini jina hilo lilikuwa likiulizwa sana na watu wenye hasira, kwa hiyo alilipumzisha. Hakuwa mwizi, jambo hilo alipenda lieleweke. Mwizi huchukua mali ya mtu bila ridhaa yake. Asali hakuwahi kuchukua kitu kwa mtu ambaye hakumwambia asante kwanza.

Mwenye gari alikuwa meneja wa benki aliyestaafu miezi miwili nyuma. Alivaa kofia mpya na suruali ya mifuko saba, mifuko yote mitupu. Aliingia duka la kwanza kuuliza kifaa cha kumwonyesha njia, akaelezwa kwamba kwa gari refu kama lile ramani ya kawaida ya simu haimtoshi. Anahitaji programu ya GPS anayoijazia urefu, upana na uzito wa gari ili isimpitishe chini ya daraja fupi, na programu hiyo hulipiwa kila mwaka. Akatoka. Duka la pili wakamwambia hayo hayo. La tatu alitoka akilalamika peke yake kwamba barabara ni za umma, kodi amelipa, sasa alipie tena kuambiwa ziko wapi.

Bahili anayejiona mjuzi, Asali aliwaza, ni embe lililoiva: halihitaji rungu, unasimama tu chini yake na kunyoosha kikapu.

Alimfuata hadi mlangoni mwa gari, akamwamkia kwa heshima zote, akampa pole. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba maduka yale huficha kitu kimoja. Kipo kifaa kiitwacho Kiongozi, hakilipiwi kila mwaka, unakinunua mara moja tu. Tena unaongea nacho kwa mdomo kama mtu na mwenzake.

"Kinakosea?" meneja aliuliza.

"Mzee wangu, tangu nianze kuviuza hakijakosea hata kimoja."

Hilo lilikuwa kweli tupu, maana hakuwa amewahi kuuza hata kimoja. Walikubaliana kwamba angekileta kesho kutwa, na meneja akasema asante.

Jioni ile Asali alikwenda kwa shemeji yake. Huyu alikuwa mke wa kaka yake aliyekwenda kufanya kazi mbali na kusahau kurudi, na alikuwa na saluni ya kusuka yenye viti viwili na kioo kimoja. Kabla ya ususi alikuwa ametangaza safari katika kituo kikuu cha mabasi kwa miaka kumi na mmoja, hadi walipoleta mashine. Alikuwa na sauti ya mtu asiyejua haraka ni nini. Asali alimweleza mpango: ndani ya boksi kutakuwa na simu iliyopigwa kwake, ikiwa hewani muda wote, yeye atakuwa saluni na hedifoni masikioni, anawaona kwenye ramani ya bure ya simu yake, anawaambia kata kushoto, kata kulia. Nusu saa ya majaribio, mzee analipa, wanagawana nusu kwa nusu.

"Nusu yako au nusu yangu?" shemeji aliuliza. Nusu zake, kila walipofanya kazi pamoja, zilikuwa zikipungua njiani kama barafu mfukoni. Asali aliapa, na kwa kuwa kodi ya saluni ilikuwa imekaribia, msusi akakubali.

Boksi lilitengenezwa kwa ganda la redio kuukuu ya gari, taa mbili za kijani na feni ndogo iliyovuma bila sababu. Asubuhi ya majaribio simu mbovu aliyopanga kuitia ndani ilivimba betri, hivyo akatia yake mwenyewe iliyo nzima, akafunga skrubu. Ni nusu saa tu, alijiambia.

Alichokuwa hajakihesabu ni mke wa meneja. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene mtulivu, aliyekaa kiti cha mbele akifuma sweta. Alisikiliza maelezo yote bila kunyanyua macho, halafu akasema mimba haipimwi kwa kuitazama mlangoni. Kifaa kitajaribiwa hadi ziwani, kilomita mia na themanini, na malipo yatafanyika huko huko. Na kijana atakuja nao.

Asali alitaja ndugu mgonjwa. Mkunga aliuliza anaumwa nini, tangu lini, na joto lake ni kiasi gani, na kufikia swali la nne yule ndugu alikuwa amepona. Basi akavua viatu mlangoni, kwa kuwa meneja hakuruhusu viatu kwenye zulia lake jipya, akapewa ndara za waridi za mama mwenye gari, akakaa nyuma karibu na sinki.

"Karibu safarini," boksi lilisema lilipowashwa. "Baada ya mita mia tatu, kata kushoto."

Meneja alikata kushoto akitabasamu kama bwana harusi. Mkunga aliacha kufuma kwa kitambo, akalitazama boksi, akaendelea.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko Asali alivyostahili. Mara moja tu kifaa kilisema, kwa sauti nyingine kabisa, "Unanibana bwana, legeza hapo kisogoni," na Asali akaruka kutoka nyuma kueleza kwamba ni tahadhari, barabara mbele imebana. Meneja alipunguza mwendo. Mita chache mbele wakakuta kweli barabara imebanwa na kifusi cha mchanga, na tangu hapo meneja angeweza kupigana na mtu kwa ajili ya Kiongozi. Kifaa kilipopiga chafya, alikitakia afya, nacho kikamjibu asante. Alimwambia mkewe hata watoto wao hawana adabu ya namna ile.

Mkunga akauliza choo kiko wapi. Kiongozi kikamjibu kuna kituo cha mafuta baada ya kilomita nne, aingie choo cha pili kwa sababu cha kwanza hakina komeo. Walipofika, cha kwanza hakikuwa na komeo.

"Setilaiti," Asali alisema, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuogopa.

Shida ilikuja penye daraja la reli. Lilivuka juu ya barabara, la saruji, zee, na lilikuwa na maandishi ya urefu yaliyofutika nusu. Ramani ya bure haijui mambo ya urefu, na Kiongozi kilikuwa kimenyamaza kwa dakika kumi. Asali alikuwa akisinzia. Meneja aliendelea na safari kwa imani ya mtu aliyeambiwa hakuna kosa.

"Simama," mkunga alisema.

Hakupaza sauti, lakini ilikuwa sauti iliyowahi kuamrisha watu kusukuma na kuacha kusukuma kwa miaka thelathini. Gari lilisimama, na kati ya paa na saruji palibaki upana wa kiganja. Nyuma yao malori yalianza kupiga honi. Meneja akashuka kujieleza kwa madereva, ambao hawakutaka maelezo, na Asali akatumwa kwenda nyuma kabisa kuongoza gari lirudi, ndara za waridi miguuni.

Mkunga akabaki peke yake na boksi. Boksi likakwaruza.

"Samahani," lilisema. "Nilikuwa naosha kichwa."

"Cha nani, mwanangu?"

Feni tu ilivuma.

"Usihangaike," mkunga alisema. "Sauti yako nimeijua tangu kona ya kwanza. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nasafiri kwenda kliniki za mbali, na wewe ndiye uliyekuwa unaniambia basi langu liko wapi. Nilikosa mabasi mawili kwa sababu ya kukaa kukusikiliza. Sasa niambie, huyu kijana ni nani wako?"

Msusi alimwambia yote. Hakulia wala hakujitetea. Alisema tu anaona haya, hasa kwa ajili ya daraja, maana wangeweza kuumia. Mkunga aliuliza kwa nini mtu mwenye sauti kama ile anafanya kazi kama hii.

"Mama, miaka kumi na mmoja nimezitaja barabara zote za nchi hii. Hata kile choo kisicho na komeo nilisimuliwa na madereva. Sijapita hata moja."

Mkunga alimaliza mstari wa sweta. Kisha naye akamweleza shida yake. Walikuwa na safari ya miezi mitatu mbele yao, yeye na mume aliyeona aibu kuuliza njia na uchungu kulipia ramani. Watoto walimshauri akawafokea. Alihitaji mtu wa kukaa pale mbele na kusoma barabara, mtu ambaye mumewe angemsikiliza, na mpaka sasa aliyemsikiliza ni mmoja tu, naye yuko kwenye boksi. Kuna basi la saa nane kwenda ziwani. Nauli na mshahara ni juu yake.

"Na shemeji yangu?" msusi aliuliza.

"Huyo tumwachie Kiongozi."

Meneja na Asali walirudi ndani wakiwa na jasho na vumbi. Meneja alitaka kujua kwa nini kifaa hakikusema kitu penye daraja, na Asali alikuwa tayari amefungua mdomo, lakini Kiongozi kikatangulia. Kilisema kinaomba radhi, na kwamba njia mbadala iko kulia. Meneja, ambaye hakuwahi kuombwa radhi na mashine ya benki hata moja, alisamehe papo hapo.

Njia mbadala ilipita mashambani hadi kwenye kidaraja cha mbao juu ya mto mdogo.

"Tahadhari," kifaa kilisema. "Uzito umezidi kwa mtu mmoja. Abiria aliyekaa nyuma ashuke na kuvuka kwa miguu."

Asali alikuja mbele mbio. Maneno hayo hawakuyapanga na shemeji yake. Akasema huenda mtandao umechanganya mambo. Meneja alimgeukia taratibu, kwa uso ule ule aliokuwa akiwatolea waombaji wa mikopo.

"Kijana, si wewe uliyesema hakijakosea hata siku moja?"

Ziko njia mbili tu za kutoka kwenye swali kama hilo, nayo ya pili ni kusema kweli. Asali akashuka.

Gari lilivuka polepole, mbao zikilalama. Naye akavuka nyuma yake, akiinua ndara zisinase misumari. Lilipofika ng'ambo lilipunguza mwendo, na mkunga akatoa mkono dirishani akampungia vizuri, kama mtu anayemuaga mgeni aliyekaa siku nyingi. Ndani, Kiongozi kilimwambia meneja asisimame, uzito bado umezidi, na taa ya kulia ikawaka. Gari likakata kulia. Viatu vyake vilikuwa ndani, simu yake ilikuwa ndani, na vumbi likamfikia usoni kabla hajaamua apige kelele gani.

Kule ziwani, mkunga alimsimulia mumewe kila kitu baada ya chakula. Meneja alisema aachwe atulie. Alikaa nje kwenye kiti cha kukunja hadi basi lilipomshusha msusi na begi lake moja. Msusi akamsalimia, na kwa sauti ile ile isiyo na haraka akamweleza kwamba asidanganyike tena: alipie ile programu yenye kujazwa urefu na uzito wa gari, anunue na ramani ya karatasi kwa sehemu zisizo na mtandao, na penye daraja ashuke atazame kwa macho yake. Ni ushauri ule ule wa maduka matatu na watoto wanne. Meneja alilipia jioni hiyo hiyo bila kunung'unika. Aliyesema alikuwa Kiongozi.

Asali alirudi mjini kesho yake juu ya lori la saruji, mweupe kuanzia nyusi hadi ndara. Saluni ilikuwa na kufuli. Fundi cherehani wa mlango wa pili alimwambia shemeji yake amesafiri, amemaliza kusuka vichwa vyote vya wateja wake vizuri na kuondoka akiimba. Asali akaazima simu, akapiga namba yake mwenyewe. Iliita mara tatu. Ikapokelewa, na nyuma ya ile sauti tulivu alisikia maji ya ziwa, na meneja akiuliza kama chai iko tayari.

"Abiria," sauti ilisema, "gari unaloliulizia limeshaondoka."

Ikakatwa. Asali alirudisha simu, akaketi kwenye benchi la fundi, na kwa kuwa hakuwa na wa kumdanganya akamsimulia mambo yote tangu mwanzo. Alipofika kwenye uzito uliozidi alijikuta anacheka peke yake, na saruji ikamdondoka mashavuni vipande vipande. Fundi hakucheka. Alisimamisha cherehani, akafikiri sana.

"Sasa hicho kifaa," alisema, "kinafanya kazi au hakifanyi?"

Asali alijifuta macho.

"Kinafanya, fundi," alisema. "Kinafanya vizuri mno."