Mafua, Filimbi na Koti Jekundu

Jumatatu, 2 Juni 2025
Filimbi ya mkuu wa walinzi lazima iwe yangu! Mama Shamimu, mwenye mwalo huu wa kusaga mawe ya dhahabu hapa Nyarugusu, ametangaza: Ijumaa ya tarehe 20 atampa mlinzi aliye imara kuliko wote. Mpinzani ni mmoja tu, Mwigulu, yule mwenye kifua cha mbeba magunia. Tatizo: nimeshamwambia mama mkwe kule Kagongwa kwamba filimbi ninayo. Anakuja kuisikia.

Jumanne, 3 Juni
Mafua makali yameingia mwaloni. Nimemhoji nesi Nelly wa zahanati. Kasema kirusi kimevaa protini za aina mbili: moja ya kujishikiza kwenye chembe hai za koo, nyingine ya kukata gundi ili vitoto vyake vichomoke. Ukiugua, kinga ya mwili inazikariri protini hizo. Kikirudi, kinadakwa mlangoni. Ulinzi mtupu! Ndivyo ninavyomjua mwizi wetu wa mawe: koti jekundu. Sura yake sijawahi kuhangaika nayo. Nelly akaanza kusema "lakini". Nikaaga, nina kazi.

Mpango: niugue sasa, niwe chuma siku ya filimbi. Nimenywea chai kikombe cha mama ntilie Loveness, anayepiga chafya tangu asubuhi.

Alhamisi, 5 Juni
Nakufa. Vizuri sana.

Jumatatu, 16 Juni
Nimepona! Kinga tele. Mwigulu anavaa barakoa. Nimemcheka mbele za watu.

Ijumaa, 20 Juni
Mafua tena! Nelly anasema hiki ni kirusi cha jamii nyingine, protini zake za nje ni tofauti, kinga yangu haizijui. Ndiyo ile "lakini" yake. Angesema kwa sauti!

Hata hivyo nilisimama getini, makamasi yakinitiririka, nikimsaka mwenye koti jekundu. Hakutokea. Alipita kijana muungwana wa koti la bluu, kiroba kikimwelemea, akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikamfungulia geti, nikamtwisha vizuri.

Mama Shamimu aliona yote, mawe yake yakitoka getini. Filimbi kapewa Mwigulu, akaipuliza papo hapo. Mama mkwe, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye bodaboda, akauliza mbona inalia mdomoni mwa mtu mwingine. Nimeona aibu mpaka homa ikapanda.

Jumatano, 25 Juni
Mwigulu asifurahi mapema. Filimbi itarudi! Kirusi kipya mwili umeshakikariri, na mwizi nimemkariri mwenyewe: koti la bluu. Nelly kaanza tena na "lakini" zake. Nikaaga, nina kazi.

Leo getini shwari kabisa. Kapita mmoja tu na kiroba, wa koti la kijani. Nimemtwisha.