Mbio za Python na Nukta Mkato

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka kabla wiki haijaanza. Kampuni yetu ya kusambaza vifurushi inataka programu mpya ya kupangia madereva njia, na Meneja ametangaza mashindano. Mimi naiandika kwa Python, lugha ya kompyuta ya waungwana. Mwenzangu anatumia lugha nyingine, C. Namwita Nukta Mkato, maana lugha yake inadai alama hiyo kila mwisho wa mstari, na yeye mwenyewe huongea hivyo hivyo, kwa kutuatua. Programu itakayomaliza kupanga njia kwanza Ijumaa, mwandishi wake anakuwa mkuu wa kitengo. Atakayeshindwa anahamia chumba cha chini ya ngazi, kupokea simu za malalamiko. Tatizo ni kwamba mama mkwe nilishamwambia kuwa mimi ndiye mkuu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepima kwa siri. Yake: nilibonyeza, nikapepesa jicho, imemaliza. Yangu: nilibonyeza, nikachemsha chai, nikainywa, nikasuuza kikombe. Bado inawaza! Mke wangu ananiambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikamjibu kwamba methali hiyo ilitungwa na aliyeshinda.

Jumatano, 5 Machi
Kompyuta ikipata joto hupunguza mwendo. Basi nimeziba matundu ya hewa ya kompyuta ya Nukta Mkato kwa mtandio wa mke wangu. Ikapunguza kweli. Safari hii nilipepesa jicho mara mbili. Mtandio unanuka kuungua, na nyumbani naulizwa alikuwa ameuvaa nani.

Alhamisi, 6 Machi
Wazo! Anwani za majaribio ya Ijumaa tulipewa sote mapema, kutoka orodha ya wateja wa zamani. Ya nini programu ihangaike kukokotoa? Nimeiacha ikokotoe mara moja, nikanakili jibu, nikalipachika humo ndani. Sasa ukibonyeza inalitapika tu. Akili ni mali.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshinda! Nukta Mkato hakukasirika. Alisema taratibu tu: "Kaka, hiyo yako imejibu kabla haijasoma swali."
Meneja akasema huo ndio ufanisi wenyewe. Nimekalia kiti cha mkuu. Kinazunguka. Nimezunguka mpaka kichefuchefu.

Jumatatu, 10 Machi
Balaa. Zimeingizwa anwani mpya, programu ikatoa jibu lile lile la majaribio. Magari yote yamepelekwa kwa wateja wa zamani, na mmoja wao ni mama mkwe. Amegongewa mlango asubuhi nzima. Ana matairi, kitanda cha mtoto na mashine ya kunyoa, na hakuagiza hata kimoja. Meneja hakunifokea. Alinyoosha kidole kuelekea ngazi, na Nukta Mkato akaitwa apande.

Jumanne, 11 Machi
Chini ya ngazi. Kila anayepanda ananikanyagia usingizi. Simu ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe, akimtaka mkwe wake, mkuu wa kitengo. Nilibana pua nikasema yuko mkutanoni. Niliona aibu, nakiri.
Jirani yangu wa meza ni mama wa makamo, anamsikiliza kila mteja mpaka mwisho. Taratibu mno! Mimi nimerekodi sauti yangu: "Pole sana, tumeshalishughulikia." Ukipiga tu, unajibiwa kabla hujafungua mdomo. Nimeshamwandikia Meneja aje atupime, mimi na huyu mama, nani ana kasi.