Mtambo wa Vibanio

Jumatatu, 4 Machi
Nimeamua! Karakana ya shemeji, mume wa dada yangu, itaunda vibanio vya nguo bila mkono wa mtu. Kijiti huku, kijiti kule, springi katikati, kibanio kinadondoka kikapuni. Nimechora kila kitu nyuma ya kalenda. Shemeji kanipa hadi Ijumaa. Nikishindwa, nirudi kufagia maranda. Bi Vidole, anayeunga vibanio kwa mkono mwaka wa ishirini sasa, aliuliza springi itajuaje kwamba zamu yake imefika. Kijicho tu!

Jumanne, 5 Machi
Mkanda wa mtambo tayari: mikanda sita ya suruali, nimeishona pamoja. Mmoja ni wa shemeji. Kashinda kutwa ameshikilia suruali. Mota nimeitoa kwenye cherehani ya dada. Hajui.
Baadaye: Amejua.

Jumatano, 6 Machi
Jaribio. Mkanda unatembea! Springi hazitulii. Ya kwanza ilivunja kioo cha dirisha. Ya pili ilizama kwenye chai ya shemeji. Ya tatu ilimpata seremala sikioni. Bi Vidole kajivika sufuria kichwani, akaendelea na kazi. Dharau hizo!

Alhamisi, 7 Machi
Hadi adhuhuri: vibanio kumi na kimoja. Tisa vimeungwa kinyume. Bi Vidole, muda huohuo, mia nne, tena huku akisimulia harusi ya bintiye. Shemeji aliuliza kibanio cha kinyume kitabana nini. Nikamjibu utafiti unaendelea.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya siku. Nilivaa tai. Karakana nzima ikakusanyika. Nikawasha. Mtambo ukaikamata tai, ukanivuta mzimamzima kuelekea kwenye springi. Nilipiga mayowe, sikatai. Bi Vidole akaikata tai kwa mkasi, akachukua koleo, akapinda bati moja tu pale springi zinapopitia. Springi zikalala chali kama watoto walioshiba. Vibanio vikaanza kumiminika, vizima! Akasema springi hulazwa kwanza, ndipo ibanwe. Angesema tangu Jumatatu, ila hakuna aliyemuuliza. “Kuuliza si ujinga, mwanangu,” akaniambia.
Shemeji kamfanya msimamizi wa mtambo. Mimi kanikabidhi ufagio.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari asubuhi nzima. Kosa nimelibaini: kibanio ni kitu kidogo mno kwa akili yangu. Milango! Mtambo wa kuunda milango, bawaba na kitasa, yote kwa swichi moja. Nimeshachora nusu. Seremala alitaka kunieleza jambo kuhusu bawaba. Nimemfukuza.