Miaka Mitatu Niliyomwongezea Twiga

Jumatatu, 3 Machi

Goti limehama tena! Mara ya tatu tangu mwaka jana. Nilikuwa kwenye cherehani, sketi ya sare ya kumi na moja tangu asubuhi, mwalimu wa michezo akapiga simu: mama, njoo, Twiga kaanguka. Twiga ni binti yangu. Miaka kumi na mitatu, urefu kama mlango, mfungaji wa mpira wa pete ambaye shule nzima inamtegemea. Siyo mimi ninayesema, ni mwalimu. Ingawa na mimi nasema. Karuka, kafunga, katua vibaya, na pia ya goti, kile kifuniko cha mbele, ikakimbilia ubavuni kama sabuni bafuni. Goli liliingia lakini. Niliuliza hilo kwanza.

Hospitalini wakairudisha mahali pake. Daktari wa zamu akasema safari hii bandeji na mazoezi havitoshi, lazima upasuaji, la sivyo mtoto atakuwa anaokota goti lake kila wiki. Na kwa kuwa hajafika miaka kumi na mitano, ataenda wodi ya watoto, kwa daktari wa mifupa wa watoto. Nikachungulia. Daktari mwenyewe msichana mdogo! Miwani mikubwa, na kwenye kile kipimo cha kusikilizia moyo kabandika sungura. Sungura!

Jioni akapita wifi yangu, dada wa mume wangu. Hakuja kutoa pole, alikuja kupima. Akakumbusha kwamba mkono wa mwanawe, mtu mzima yule, ulitengenezwa na Bingwa mwenyewe, yule wa jengo kubwa anayetibu wachezaji wa timu ya taifa. Akauliza wa kwangu anatengenezwa na nani. Nikasema maji yanachemka, nikakimbilia jikoni. Hakukuwa na maji yoyote.

Jumanne, 4 Machi

Nina mpango. Bingwa hatibu watoto. Basi Twiga asiwe mtoto.

Karani wa mapokezi, jengo kubwa, akauliza umri. Nikasema kumi na sita bila kupepesa jicho. Cheti cha kuzaliwa? Kimebaki nyumbani, mwanangu, unajua haraka za mgonjwa. Akamtazama Twiga kutoka unyayo hadi utosi, kazi ndefu hiyo, akaandika 16. Urefu ule haukuja bure.

Twiga, kwenye kiti cha magurudumu, akaniangalia kwa jicho la baba yake. Nikamwambia akiulizwa lolote atabasamu tu. Tulipofika kwenye korido akanikumbusha, kwa heshima zote, kwamba niliahidi kumpa simu siku atakayofikisha kumi na sita. Sasa kafikisha, iko wapi? Mtoto ana akili huyu! Sijui kazipata wapi kama si kwangu. Simu hapati.

Alhamisi, 6 Machi

Tumeonana na Bingwa! Mvi kichwa kizima, maneno machache. Kaligusa goti kwa vidole viwili kajua kila kitu. Akaeleza kwamba pale chini ya goti, ukano unapojishikiza kwenye mfupa, pamekaa nje kidogo, ndiyo maana pia ya goti inavutwa pembeni. Kwa msichana aliyekwisha kukua kama huyu, atakata kipande cha mfupa, akisogeze ndani, akibane kwa skrubu mbili.

Skrubu mbili! Nikapita kwa wifi makusudi. Mwanawe aliwekewa bamba moja tu. Nikamwambia mbili, tena za chuma cha kigeni. Hilo la kigeni niliongeza mwenyewe. Wifi akauliza kwani skrubu ni bangili? Wivu.

Upasuaji ni Jumatatu. Kwanza eksirei ya goti, na ya kiganja. Kiganja kimekosa nini? Lakini Bingwa akiagiza, unapeleka.

Ijumaa, 7 Machi

Makubwa! Bingwa kaitundika picha mbele ya taa. Kakaa. Kasimama. Kamwita mwenzake. Mwenzake kamwita mwenzake. Kufika saa nne chumba kimejaa madaktari wanafunzi saba, kila mmoja na daftari. Bingwa akatangaza kwamba msichana huyu ana miaka kumi na sita lakini mifupa yake ni ya mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Kumi na mitatu kamili! Picha gani hiyo inayosoma umri kwenye kiganja? Jasho likanitoka mpaka kwenye viatu. Nikangoja wanikamate. Hawakunikamata! Wameliamini faili. Wakasema basi ni ugonjwa adimu wa kukua, na hawajapata kumwona mgonjwa wake mrefu hivi. Mwanafunzi mmoja akaomba ruhusa aandike habari za Twiga kwenye jarida la madaktari.

Ningesema pale pale. Najua. Lakini utamkatizaje mtu mwenye mvi? Tena, humu naandika ukweli, nilijisikia vizuri. Madaktari saba! Nikamwambia wifi kwamba wanafunzi wa udaktari wanasoma kwa Twiga. Kwa mwanawe hakusoma mtu.

Upasuaji umesimamishwa mpaka vipimo vingine vitoke.

Jumamosi, 8 Machi

Chupa sita za damu. Twiga hakutabasamu hata kwa moja. Tukiwa tunarudi akauliza polepole kama ni kweli anaumwa. Nikasema wala, ni ugonjwa wa kwenye faili tu. Akasema basi damu wangeitoa kwenye faili.

Baba watoto karudi kutoka kazini macho mekundu. Wifi alishamfikia. Kamwambia mtoto ana ugonjwa wa mifupa usiojulikana dawa, mpaka wanafunzi wanaletwa kuutazama. Mwanamume mzima, fundi bomba, analia juu ya sahani! Ikabidi nimweleze. Akaacha kulia. Afadhali angeendelea. Akasema Jumatatu saa mbili nitakuwa kwa Bingwa nikisema ukweli, na yeye atanifikisha mpaka mlangoni. Nikasema sawa. Hakusema ukweli wa namna gani. Kosa ni la karani, hakusikia vizuri. Wanasikia vibaya sana wale.

Jumatatu, 10 Machi

Bingwa akaniwahi. Akasema damu haina tatizo. Yeye na wenzake wamekubaliana: mifupa imechelewa tu kufunga, kwa umri huu haina safari ya kukua tena, waendelee na skrubu kesho. Wanafunzi wote saba wakaitikia kwa vichwa.

Nikauliza, kwa kuzuga tu, je mtoto angekuwa kweli wa kumi na mitatu? Akanionyesha kwenye picha mstari mwembamba mweusi karibu na goti. Hapa ndipo mguu unapoongezea urefu wake, akasema. Kwa mtoto anayekua hapaguswi. Ukikata hapo, mguu utakua umepinda, au utabaki mfupi kuliko mwenzake.

Nikautazama ule mstari. Nimeshona sare za shule miaka kumi na tisa. Kila sketi naikunjia pindo la vidole vinne ndani, kitambaa cha akiba, ili mtoto akirefuka mama yake alifumue alishushe. Lile ni pindo la Twiga! Na mzee huyu kashika mkasi, na mkasi nimempa mimi.

Nikasema ana kumi na mitatu. Sauti ilikuwa ndogo, hakusikia. Nikasema tena, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Nikaanza na habari ya karani, Twiga akakohoa. Basi nikasema yote, mpaka sungura. Madaftari saba yakafungwa, pa, pa, pa. Yule wa jarida uso kama kafiwa. Bingwa akavua miwani, akauliza kama najua nilikuwa nachezea mguu wa nani. Nikalia. Kweli nililia. Twiga akanishika mkono, akamwomba Bingwa anisamehe, mama yake huzidisha kila kitu, hata vipimo vya magauni.

Bingwa akasema magoti ya wanaokua si kazi yake. Ni ya yule msichana wa sungura, na hata yeye Bingwa binti yake alimpeleka kwa huyo huyo. Si angesema mapema!

Jumatano, 12 Machi

Daktari wa sungura alinichorea kila kitu. Atachukua ukano mwembamba nyuma ya paja, atengeneze kamba ya kuishika pia ya goti kutoka upande wa ndani, na kila tundu litapita mbali na ule mstari. Nikamshauri apitishe uzi mara mbili. Akacheka, akasema ndivyo afanyavyo. Fundi anamjua fundi.

Wakamwingiza. Mlango ukafungwa. Sina neno la kujisifia hapa. Kwenye chumba cha kungojea pazia lilikuwa limefumuka chini. Nikatoa sindano yangu mkobani, nikashona. Baba watoto kashika uzi. Nikamaliza la kwanza, nikafumua la pili lililokuwa zima, nikalishona upya.

Zaidi ya saa mbili. Kisha nesi akatoka anatabasamu. Imekwenda vizuri, pia ya goti imetulia, mstari haukuguswa. Na mgonjwa kazinduka, kauliza leo ana miaka mingapi.

Nimemkumbatia nesi. Sindano ilikuwa bado mkononi. Kasamehe.

Alhamisi, 27 Machi

Goti linakunjika! Tumeanza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mwenye kifua kipana. Wiki iliyopita alitupatia karatasi ya nyumbani: kulala chali, kuinua mguu ukiwa umenyooka, mara kumi na tano kila siku. Safu moja ya mtoto, ya pili ya mzazi, maana mzazi afanye naye ili mtoto asikate tamaa. Twiga kafanya yake kumi na tano bila kukosa siku. Leo kukusanya.

Mama aliyekaa karibu yangu kajiandikia ishirini. Tena kaiacha karatasi wazi, tuone.

Safu ya Twiga sikuigusa. Nimejifunza mimi! Mambo ya mwili wa mtoto hayaongezwi hata nukta. Lakini safu yangu ilikuwa tupu, na kalamu ninayo. Nikajaza mia na ishirini. Kila siku, pamoja na Jumapili.

Kijana akasoma, akasimama. Akawaita wenzake. Hawajapata mzazi wa namna hii! Jumatatu saa tatu nitalala kwenye mkeka mbele ya wazazi wote, niwaonyeshe. Nimeshamwalika wifi. Atakaa mbele.

Nimejaribu jioni hii. Nimefika kumi na moja, kitu kikalia "ta" kiunoni. Twiga na baba yake wanacheka mpaka wanashikana mabega. Wacheke tu. Jumatatu nitaingia nachechemea, nimeshika ukuta, niseme nimeumia asubuhi hiyo hiyo, kwenye ya mia na kumi na tisa.